Candide: Kitabu cha Kuwatoa Vijana Tongo

Wiki mbili zilizopita alinijia barazani kwangu mwalimu mmoja kijana, afundishaye fasihi katika shule ya sekondari ya huku kwetu pwani. Mkononi alikuwa na kitabu chembamba, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeshitakiwa. Alikuwa amekianza kitabu hicho na wanafunzi wa kidato cha nne, katika chama chao cha kusoma, na vijana wakakipenda. Lakini mzazi mmoja alikwenda shuleni akataka kiondolewe mara moja, kwani, alisema, mwandishi wake ni mtu aliyeidharau dini na kumtukana Mtume wetu. Mkuu wa shule akamwambia mwalimu angoje kwanza.

"Maalim," akaniambia, "wewe ulisoma chuoni kabla hujasoma shule. Nieleze, niendelee au niache?"

Nikamjibu, "Mwanangu, nipe Ijumaa mbili. Nitakujibu gazetini, ili na huyo mzazi mwenzangu asome."

Kitabu chenyewe ni Candide, cha Mfaransa Voltaire. Leo natimiza ahadi.

MWANDISHI NA KISA CHAKE

Voltaire si jina alilopewa na babake. Aliitwa François-Marie Arouet, na alizaliwa Paris mwaka 1694. Ulimi wake ulimponza mapema, kwani mwaka 1717 alitiwa katika gereza la Bastille kwa ajili ya mashairi ya kumfyoza aliyekuwa akitawala kwa niaba ya mfalme mtoto, akakaa humo kwa miezi 11. Tangu hapo hakuwa mtu wa kulala nchi moja kwa raha. Candide alikitoa mwanzoni mwa mwaka 1759, akiwa na umri wa miaka 64. Jina lake hakulitia. Ukurasa wa mbele ulidai kwamba kitabu kimefasiriwa kutoka Kijerumani, na kwamba ni kazi ya daktari mmoja aitwaye Ralph. Watu wote walimjua mwenye mkono ule, naye akakana waziwazi.

Mwaka huohuo wakuu wa Geneva waliamuru kitabu kichomwe moto, na mwaka 1762 Kanisa Katoliki likakiingiza katika orodha ya vitabu vilivyoharimishwa. Hata mwaka 1929, miaka 170 baadaye, maofisa wa forodha wa Marekani huko Boston walizizuia nakala zilizokuwa zikienda kwa wanafunzi wa Kifaransa wa Chuo Kikuu cha Harvard. Basi mwalimu wetu asidhani kwamba yeye ndiye wa kwanza kuitwa ofisini kwa sababu ya kitabu hiki.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kusimuliwa. Candide ni kijana wa moyo mweupe, na hiyo ndiyo maana ya jina lake. Amelelewa katika jumba la mwinyi mmoja wa Westphalia, Ujerumani. Humo mna mwalimu aitwaye Pangloss, jina lililoundwa kwa Kigiriki, ambalo sisi tungeweza kulitia Kiswahili tukamwita Bwana Ulimi Mtupu. Somo lake ni moja tu, kwamba dunia hii ndiyo bora kupita zote ambazo zingeweza kuwapo, na kwamba kila kitu kimewekwa kwa ajili ya heri. Ushahidi wake? Pua imeumbwa ili ibebe miwani, na kweli, anasema, si tunavaa miwani?

Siku moja Candide anaonekana akimbusu Cunégonde, binti wa mwinyi, naye anafukuzwa kwa mateke. Hapo ndipo anapoanza kuiona hiyo dunia bora. Anatiwa jeshini kwa hila, anachapwa, anapita katika vijiji vilivyochomwa na majeshi mawili ambayo yote yanamshukuru Mungu kwa ushindi. Anavuka bahari hadi Amerika Kusini, anafika nchi ya Eldorado ambako dhahabu ni kama udongo wa barabarani, anarudi Ulaya, na mwisho anatia nanga pwani ya Constantinople. Yote hayo katika sura 30 fupifupi, ambazo mwanafunzi mwepesi atazimaliza kwa siku mbili.

Kijana aliyesoma Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, hatajiona mgeni humu. Huko nako majina ya watu ndiyo tabia zao: Majivuno ni mshitaki, Karama ni mshitakiwa. Huko nako wajumbe wanasafiri pande zote, na anayerudi na habari ya manufaa anatiwa kifungoni. Hiyo ndiyo tashtiti ya kifalsafa, yaani fikira nzito iliyovishwa nguo za ngano ili ipite mlangoni bila kukaguliwa sana.

LISBON NA MTONGWE

Jambo lililomchoma Voltaire lilikuwa la kweli. Tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wa Lisbon wakiwa makanisani, ardhi ilitetemeka. Kisha bahari ikapanda juu ya mji, na kilichosalia kikaliwa na moto. Waliokufa walihesabiwa kwa maelfu mengi. Waliokufa wakisali na waliokufa wakiiba walizikwa pamoja. Voltaire aliandika shairi refu juu ya msiba huo mwaka 1756, akiwauliza wenye elimu wa zama zake: hayo nayo mnayaita heri?

Katika Candide swali hilo linarudi kwa sura nyingine. Meli inayombeba Candide na mwalimu wake inavunjika karibu na bandari ya Lisbon. Ndani yake yumo Jacques, mtu mwema aliyewalisha wote wawili walipokuwa hawana kitu. Jacques anamuokoa baharia mmoja asizame, na kwa nguvu ya kumvuta anatumbukia mwenyewe. Baharia anamuacha azame wala hageuki kumtazama. Candide anataka kujitosa. Pangloss anamzuia, na pale pale sitahani anamthibitishia kwa hoja kwamba ghuba ya Lisbon iliumbwa makusudi ili Jacques afie humo. Angali akitoa hoja, meli inapasuka.

Wasomaji wangu, mara ya kwanza niliposoma kurasa hizo nilizifunga nikatoka nje. Tarehe 29 Aprili 1994, nikiwa bado mwanagenzi katika kazi hii ya habari, nilisimama ufukweni asubuhi kivuko kilipopinduka pale Mtongwe, kikiwa kimepakia watu kupita kiasi chake. Walikufa watu 272, wengi wao wakienda kazini mjini. Nilimsikia bwana mmoja aliyevaa vizuri akiwaambia wafiwa kwamba siku yao ilikuwa imefika, basi watu wasitafute mchawi. Mvuvi mzee, aliyekuwa ametoka majini na dau lake limebeba maiti, alimtazama kwa kitambo, kisha akasema, "Kuandikwa kumeandikwa. Lakini aliyepakia ni nani?"

Sijapata kusoma tafsiri ya Candide iliyo fupi kuliko hiyo. Yule mvuvi hakuikana kadari. Alichokataa ni watu kuifanya kadari shuka la kufunikia kazi ya mikono yao.

Na Voltaire anaitenganisha mizani hiyo vizuri. Tetemeko la Lisbon halikuletwa na mtu. Lakini tazama yanayofuata katika kitabu: wataalamu wanakaa, wanaamua kwamba dawa ya kuzuia ardhi isitetemeke ni kuwachoma watu wachache kwa moto wa polepole, hadharani na kwa heshima zote. Pangloss ananyongwa kwa kuwa alisema, Candide anachapwa kwa kuwa alisikiliza akionekana kukubali. Siku hiyohiyo ardhi inatetemeka tena. La kwanza ni la Mungu. La pili ni la nani?

IMAMU GHAZALI ALIKWISHA KULIZUNGUMZA

Mzazi mwenzangu huenda akasema kwamba haya ni mabishano ya Wazungu. La. Aliyekuwa akijibiwa na Voltaire ni mwanafalsafa Mjerumani Leibniz, aliyetoa kitabu chake juu ya wema wa Mungu na kuwapo kwa shari mwaka 1710. Leibniz hakuwa mjinga kama Pangloss, na ni haki wanafunzi waambiwe hivyo. Hoja yake ilikuwa kwamba Mungu mwenye ujuzi wote na wema wote hawezi kuchagua ila ulimwengu ulio bora, hata kama sisi hatuoni ubora huo kutoka pembe yetu ndogo.

Lakini karne sita kabla yake, Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kuandika katika Ihya Ulumiddin, mlango wa tauhidi na kutawakali, maneno yaliyofahamika kwamba haiyumkiniki kuwapo ulimwengu mzuri kuliko huu ulivyo. Wanavyuoni wakabishana juu ya sentensi hiyo moja kwa mamia ya miaka. Burhanuddin al-Biqai akaipinga, akiona kwamba inaufunga mpaka uwezo wa Mungu. Jalaluddin Suyuti, ambaye kila aliyepitia Tafsiri ya Jalalayn huku kwetu analijua jina lake, akasimama kumtetea Imamu.

Nayasema haya ili mzazi aone kwamba swali la kitabu hiki si uzushi ulioingia na meli. Liliulizwa misikitini na watu wenye vilemba, wakatunga vitabu kulijibu, na hakuna aliyewaambia wanafunzi wao watoke darasani.

MTUMWA WA SURINAM

Kama mwalimu atapata muda wa kusoma sura moja tu na wanafunzi wake, asome ya 19. Candide anakaribia mji mmoja wa Surinam, koloni la Waholanzi, na njiani anamkuta mtu mweusi amelala chini, nguo yake nusu, hana mguu wa kushoto wala mkono wa kulia. Anamuuliza kisa chake. Mtu yule anaeleza kwa utulivu. Kidole kikinaswa na kinu cha miwa, mtumwa hukatwa mkono. Akijaribu kutoroka, hukatwa mguu. Yeye yalimpata yote mawili. Na hiyo, anasema, ndiyo bei ya sukari wanayokula watu wa Ulaya. Kisha anataja mahubiri anayohubiriwa kila Jumapili, kwamba watu wote ni wana wa Adamu. Ikiwa ni kweli, anasema, basi yeye na mabwana wake ni ndugu wa ukoo mmoja, na hakuna awezaye kumtenda nduguye vibaya zaidi ya hivyo.

Candide analia. Hapo, kwa mara ya kwanza, anaitupa elimu ya mwalimu wake, akisema kwamba kuwa na matumaini ya namna ile ni kushikilia kuwa mambo ni mema wakati ni mabaya.

Na sisi watu wa pwani hii tusidhani Surinam ni mbali. Mwaka 1776, Voltaire angali hai, Mfaransa mfanyabiashara aliyeitwa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Walipelekwa katika visiwa vya Wafaransa ambavyo leo tunaviita Mauritius na Réunion, kwenye mashamba ya kahawa na miwa. Yule mtu wa Surinam aliuzwa upande wa pili wa Afrika, lakini ndugu zake waliuzwa hapa, kwa mkono wa Mfaransa na kwa muhuri wa mtawala wetu. Kijana akisoma sura ile, aisome akijua kwamba yeye ni jamaa wa aliyelala njiani, na pengine pia ni jamaa wa aliyeuza.

AIBU ZA MWANDISHI

Sasa niyajibu madai ya mzazi, nami sitayapunguza. Ni kweli kwamba Voltaire aliandika mchezo wa kuigiza uitwao Mahomet, ulioonyeshwa kwanza mjini Lille mwaka 1741, na ndani yake akamzulia Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, mambo yasiyokuwa na asili. Mimi niliposoma moyo uliniuma. Tena liko jingine ambalo mzazi hakulitaja: katika kitabu chake cha historia ya desturi za mataifa, cha mwaka 1756, mtu huyuhuyu aliyemliza Candide kwa ajili ya mtumwa aliwaandika watu weusi kuwa ni aina nyingine ya binadamu, iliyo chini ya Wazungu. Na ndani ya Candide mwenyewe hakumsaza mtu: padri, Myahudi, Mwislamu, mfalme, msomi, wote wamepakwa matope.

Je, tukifunge kitabu? Mimi nasema tusikifunge, ila tukifundishe pamoja na aibu za mwenye kukiandika. Chuoni tulifundishwa kumpima msimulizi na kuipima habari yake, kila kimoja kwa mizani yake. Kijana anayefichwa makosa ya mwandishi atakuja kumwabudu, na kijana anayefichwa kitabu chote atakuja kukisoma gizani bila mwalimu. Anayeonyeshwa yote mawili ndiye anayekua. Tena somo lililo kubwa kuliko yote ya Candide ni hilo hilo: usimeze neno la mwalimu kwa kuwa ni mwalimu. Voltaire naye ni mwalimu.

Kwa upande mwingine, mwalimu naye ana wajibu. Yamo humo mambo ya vita na ya ukatili kwa wanawake yasiyofaa watoto wadogo, basi kiwe kitabu cha vidato vya juu. Wala kisigeuzwe maswali na majibu ya kukaririwa kwa mtihani, kwani hapo Pangloss atakuwa ameshinda. Sura ni fupi. Isomwe moja kwa sauti katika kipindi kimoja, wanafunzi wacheke wanapotaka kucheka, maana kitabu hiki asiyecheka hakukielewa. Kisha kila sura iulizwe maswali matatu: Ni nani aliyeumia? Ni nani anayesema kwamba ni heri? Na huyo anayesema, amesimama wapi wakati anasema? Mwanafunzi aliyezoea maswali hayo atayapeleka nyumbani, atayapeleka sokoni na kwenye mikutano ya wanasiasa. Hapo tutakuwa tumemtoa tongo za macho.

SHAMBA

Mwisho wa kitabu, Candide na wenzake wamechoka, hawana mali, wanaishi katika kishamba karibu na Constantinople. Wanakwenda kwa darweshi mashuhuri kumuuliza kwa nini pana shari duniani. Darweshi anawaambia wanyamaze, na Pangloss anapotaka kuanza hoja zake, anawafungia mlango. Wakirudi wanakutana na mzee wa Kituruki ameketi chini ya michungwa mlangoni kwake. Hajui jina la mufti wala la waziri yeyote. Anawakaribisha ndani, watoto wake wanawaletea sharubati, machungwa, na kahawa ya Mokha isiyochanganywa. Ana shamba dogo analolilima na wanawe, na anasema kazi hiyo inawaepusha na mambo matatu: uchovu wa kukaa bure, uovu, na ufukara.

Tazameni, basi! Mwandishi yule aliyetutukana katika mchezo wake, alipotafuta mtu wa kumpa neno la hekima la mwisho, alimpa mkulima Mwislamu. Candide anarudi nyumbani na neno moja tu, kwamba lililo juu yao ni kulilima shamba lao. Kila mmoja anashika kazi: huyu anaoka, huyu anadarizi, huyu anakuwa seremala. Pangloss bado anabwabwaja, lakini hakuna anayeacha jembe kumsikiliza.

Wako wasemao kwamba hapo Voltaire anawafundisha watu kujifungia nyumbani na kuiacha dunia iungue. Maisha yake mwenyewe yanawajibu. Shamba lake lilikuwa Ferney, karibu na mpaka wa Uswisi. Huko alikausha mabwawa, akapanda miti, akawajengea mafundi wa saa mahali pa kufanyia kazi. Na mwaka 1762, Jean Calas, mfanyabiashara Mprotestanti wa Toulouse, aliposingiziwa kumuua mwanawe akavunjwa mifupa hadi kufa, mzee yule alikaa na kalamu yake miaka mitatu, akiandikia wafalme, mawakili na mabibi wakubwa, hadi mwaka 1765 hukumu ikafutwa. Hakusema kwamba lilikuwa limeandikwa. Aliuliza aliyepakia ni nani.

Nasi tuliofundishwa kwamba mtu humfunga kwanza ngamia wake ndipo atawakali, na kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi aupande kama anaweza, hatuna sababu ya kuliogopa shamba la Candide. Tunalijua.

Kwa hiyo, mwalimu mwanangu, rudi darasani uendelee. Nawe mzazi mwenzangu, mwambie mwanao akusomee sura ya 19 kwa sauti jioni moja baada ya magharibi, kisha uamue. Nami nimewaachia vijana ubeti huu mmoja:

Ukiona maonevu, usinene ni kadari,
Mja ndiye mpotovu, Mola wetu ni Ghafari,
Lima, usiwe mvivu, pasi kungoja amri,
Shamba halitoi mbivu, ila kwa jasho na ari.